Mjomba anataka makala ifutwe, na binti hashiki tena kalamu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niko Mtwara Mjini mwaka wa 19 sasa. Kwetu ni Bukoba, ila wanangu wote wamezaliwa hapa na senene wanazijua kwa kusimuliwa tu. Nalitaja hili mapema kwa sababu nahisi lina mkono katika yaliyonikuta.

Mwaka jana niliombwa niwalee vijana watano wanaotaka kuwa wahakiki wa sanaa. Mradi una wafadhili, na sharti lao ni kwamba vijana watoke katika jamii tofauti. Kwa hiyo nina binti wa Kimakonde kutoka Newala, Mmakonde mwingine wa hapahapa mjini, Mmakua wa Nanyumbu, Myao wa Masasi na Mmwera wa Nachingwea. Wote wamemaliza kidato cha sita. Tunakutana kila Jumamosi barazani kwangu. Wanakwenda kwenye ngoma, kwa wachonga vinyago, kwenye muziki wa vijana wenzao. Wakirudi wanaandika, mimi nasahihisha, tunaweka mtandaoni, na moja moja husomwa redioni.

Mwezi wa sita yule wa Newala alipanda kwao. Jando lilikuwa linatoka, midimu, ile ngoma ya barakoa ya Wamakonde, ikachezwa kiwanjani mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama. Akaandika. Hadi hapo wote watano walikuwa wanasifu tu, kwa hiyo nilipoona makala inayokosoa nilifurahi mno. Nakunukulia kipande chake kama kilivyonifikia:

"Ngoma zilipoa na hakuna aliyezirudisha motoni. Mdimu wa tatu aliingia watu wameshaanza kuongea mambo yao. Mguu wake wa kulia ulikuwa unafika baada ya ngoma. Kina mama walikaa na vigelegele vyao mdomoni."

Nikasahihisha kama ninavyosahihisha insha. Mwishoni kulikuwa na neno moja la Kimakonde la namna ya kukanyaga (nimekuandikia pembeni), nikaliondoa kwa kuwa kwenye kamusi halimo. Kikatoka hivi:

"Mchezaji wa tatu, ambaye kwa hakika ana hitilafu katika mguu wake wa kulia, hakuonyesha umahiri wa kutosha na hivyo kushindwa kuiteka hadhira. Hata hivyo, wasanii wamefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui."

Siku ya nne baada ya kuiweka mtandaoni, mjomba wake akanipigia simu. Hakufoka. Alisema tu, "Mwalimu, mmemvua nguo mtu mzima mbele ya wanawake. Toeni." Akakata. Tangu hapo binti haji. Nimempigia mara tatu. Mara ya tatu alipokea, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, ile haikuwa yangu." Sikumwelewa. Jina lililo juu ya makala ni lake. Langu sikuliweka popote.

Nimefikia kuamini kwamba wazee wa huku hawataki kukosolewa, na kwamba uhakiki tunaousoma vitabuni hauwezekani mahali ambapo kila msanii ni babu wa mtu.

Jambo la pili ni huyu Mmakua. Anaandika kuhusu kikundi kimoja tu cha ngoma, na kila mara "kimetia fora". Juzi ndipo nikajua kwamba mwimbaji mkuu ni mama yake mdogo, na kikundi ndicho humlipia nauli ya kwenda na kurudi. Wa Nachingwea yeye ni kinyume chake: anaponda kila wimbo unaotoka. Wengine wawili sina malalamiko nao.

Naomba unisaidie. Je, niifute makala? Nitawafundishaje kukosoa bila kuvunja heshima? Na je, mtu wa kuja kama mimi niendelee kuwalea, au niwaachie wenyewe? Wafadhili wanataka ripoti na makala 20, na hapa nilipo nina 11.

Mwalimu wa Barazani,
Mtwara


JIBU

Marahaba, baba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, maana mimi nami nimekula mshahara miaka mingi kwa kukata maneno ya watu. Kabla hatujafika kwa wazee na kwa wafadhili, chukua vile vipande viwili ulivyoninukulia uvisome kimoja baada ya kingine, kwa sauti. Binti ameandika "mdimu". Wewe umeandika "mchezaji".

Mimi si Mmakonde. Ni Mmwera wa Lindi, lakini nimekulia karibu nao vya kutosha kulijua hili ambalo hata mtoto wa miaka sita wa Newala analijua: pale kiwanjani hakuna mtu aliyevaa barakoa. Kuna mdimu, ametoka anakotoka. Wanaume waliopitia likumbi, yaani kambi ya jando, wanajua zaidi ya hapo, na wakishajua wananyamaza. Wanawake hata wakijua hujifanya hawajui, na huko kujifanya kwao ni sehemu ya ngoma kama ilivyo ngozi ya ngoma yenyewe. Binti wako alisema mguu wa mdimu ulichelewa. Mguu wa mdimu hauna mwenyewe. Wewe ukautafutia mwenyewe: ukasema ni mchezaji, ukaongeza kwamba ana hitilafu mguu wa kulia. Sasa katika kijiji kile wanaume wangapi wanachechemea mguu wa kulia? Umemtaja mtu bila kulitaja jina lake. Mjomba hakukuficha, alikwambia mmemvua. Wewe ukasikia "msikosoe".

Tena angalia yale ambayo mjomba hakupata kuyasoma. Kwamba ngoma zilipoa, na kwamba kina mama hawakupiga vigelegele. Hayo ndiyo yaliyokuwa makali kuliko yote, na yote yalikuwa ya binti, na ulipoyaondoa hakuna aliyepiga simu kuyalilia. Tena uliyaondoa ukidhani ni porojo! Kuna sababu ngozi inakanzwa motoni kabla ya kupigwa, na kuna sababu mtu hukaa karibu na moto ule hadi ngoma iishe. Ngozi ikipoa inalegea, sauti inakuwa nzito, mguu unakosa pa kushika. Binti hakusema mdimu ni dhaifu. Alisema kwa nini alichelewa. Mhakiki aliyekomaa anaweza kutafuta sentensi kama hiyo wiki nzima, na huyu kaileta barazani kwako kwenye karatasi ya daftari.

Kwa hiyo aliposema "ile haikuwa yangu" hakuwa anaikana makala kwa woga. Alikuwa anakusahihisha, na amekusahihisha kwa adabu kuliko ulivyomsahihisha wewe.

Sasa swali lako la kwanza. Usiifute. Itoe leo, irudishe wiki ijayo ikiwa kama alivyoiandika yeye, neno la Kimakonde likiwa mahali pake, na chini yake andika mstari mmoja kwamba toleo la kwanza liliharibiwa na mhariri, yaani wewe, kwa jina lako. (Neno lenyewe nimelisoma pale pembeni. Silirudii hapa, ni lake, alitumie kwanza yeye.) Ila kabla ya kuirudisha, panda Newala.

Nenda kwa mjomba, usianzie kwa baba. Najua kwenu Bukoba ungeanzia kwa baba na usingekosea. Huku ukoo umefuata upande wa mama, kwa Wamakonde na kwa sisi Wamwera, kwa Wamakua na Wayao vilevile, na hata leo ambapo mambo mengi yamebadilika, mjomba bado ana kauli juu ya mtoto wa dada yake. Tafuta mtu wa kukutanguliza. Mwalimu mwenzako wa kule atatosha. Beba sukari na majani ya chai. Usifike na simu mkononi ukitaka kumwonyesha makala, kwa sababu makala ameshasomewa na amechoka nayo. Kaa, ongea habari za mikorosho, subiri yeye aliguse jambo. Akiligusa sema, "Neno lile niliandika mimi, mtoto hakuliandika." Usieleze zaidi. Usimweleze nia yako njema wala habari ya mradi wenye wafadhili. Akikuuliza binti aliandika nini, msomee sentensi zake nne kwa sauti. Nina hakika karibu yote kwamba ile ya ngoma kupoa itamfanya atikise kichwa, na pengine atakwambia ni nani aliyekuwa na zamu ya moto siku hiyo. Hilo nalo usiliandike.

Ukitoka kwa mjomba ndipo umwone binti. Ukianza naye yeye, utakuwa unamtuma akakuombee radhi.

*

Sasa hili la wazee kutotaka kukosolewa. Baba, miaka 19 ni mingi, umekaa kwenye ngoma ngapi hadi mwisho? Nakuuliza bila kejeli, au kwa kejeli kidogo. Watu wa kusini wanakosoa sanaa tangu jua linapochomoza, ila hawakosoi kwa insha. Mwimbaji akipooza, anayetaka kutuza anabaki na noti yake mfukoni. Wanawake wakikunja midomo, mpigaji anajua. Mzee akisimama katikati ya ngoma akajikung'uta mchanga na kwenda kununua maji, hiyo ni hukumu imeshasomwa. Na watani je? Mtani husema msibani yale ambayo ndugu wa damu hawezi kuyasema, na watu hucheka huku wanalia. Mafumbo ya kina mama kwenye nyimbo za ngoma na taarabu, mtu anaimbwa hadi anahama mtaa. Watoto hawa wamezaliwa ndani ya uhakiki. Kinachowapiga chenga ni namna ya kuuhamisha ule wa uwanjani uingie kwenye karatasi bila kufia njiani.

Nikusimulie aliyenifundisha mimi. Nilikuwa na miaka 23, gazeti moja la Dar es Salaam limenituma nirudi kusini niandike habari za vinyago. Nilijiona nimefika. Nikaandika ukurasa mzima Mikindani, nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya zamani, nikielezea kinyago cha mtindo wa ujamaa, zile sanamu za watu waliopandana mgongoni kama mti. "Kinyago cha mpingo kinachong'aa." Mzee mmoja mchongaji aliyekuwa anapiga msasa pembeni akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akanyoosha mkono, akakichukua kile kinyago, akalamba kidole gumba, akakisugua chini kwenye kitako. Kidole kikatoka cheusi. Akanionyesha kidole, hakusema kitu. Ilikuwa kiwi ya viatu juu ya mti mweupe tu wa bure. Halafu akatoa kipande chake mwenyewe kutoka kwenye gunia akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kikazama moja kwa moja, tii, hadi chini. Mpingo hauelei.

Nikadhani somo limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza. Akachukua kinyago kingine, hiki cha mpingo wa kweli, kazi ya mtu aliyemfahamu. Akanionyesha mkono wa mtoto uliopinda ghafla. "Hapa mti ulimkatalia." Palikuwa na ufa, mchongaji akaukwepa kwa kuupindisha mkono, na ukitazama vizuri ule mkono uliopinda ndio unaoipa sanamu nzima uhai. Huko ni kusifu. Kisha akashusha kidole hadi kwa mtu wa chini kabisa, anayewabeba wote. "Huyu hana mzigo." Nikatazama. Kweli, amebeba watu sita lakini mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Huko ni kukosoa, na kwa maneno matatu. Ujamaa, shetani, mawingu, majina yote ya mitindo niliyokuja nayo kutoka Dar, mzee hakutumia hata moja.

Ule ukurasa niliuchana. Nilioandika badala yake mhariri wangu aliupunguza nusu, lakini "huyu hana mzigo" aliiacha, na hadi leo nikiona picha, mchezo wa kuigiza, hata video ya bongo fleva, swali la kwanza ninalojiuliza ni hilo: nani hapa kabeba, na mbona hatoki jasho?

Wapeleke watano wako kwa mchongaji. Saa ya kwanza wasiandike kitu. Saa ya pili kila mmoja aulize swali moja tu: "Kazi hii ukiambiwa uirudie, utabadili nini?" Msanii ambaye hatavumilia kukosolewa na mtoto atajikosoa mwenyewe mbele ya mtoto huyohuyo bila kinyongo, na kijana akishayasikia maneno ambayo fundi hutumia kujikosoa, amepata kamusi ambayo wewe na mimi hatuna.

*

Kwenye toleo lako kuna sentensi iliyonichoma kuliko ya mguu: "wamefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui." Hiyo hata hukuifikiria, baba, ilitoka kwenye mkono wenyewe. Ni ya mtihani. Mimi pia nilipata alama nzuri kwa sentensi kama hiyo, na nchi hii ina watu maelfu wanaoweza kukwambia msanii "amefaulu kwa kiasi kikubwa" bila kukwambia alifanya nini. Fani na maudhui ni vyombo vizuri vya darasani, havina kosa. Ila ukivitumia kama fomu ya kujaza, ngoma ya Newala na riwaya na sinema zote zinatoka na sura moja. Ipige marufuku barazani kwako kwa miezi mitatu. Na "kutia fora", na "kukonga nyoyo". Wakibanwa hivyo watalazimika kusema kilichotokea.

Badala yake mpe kila mmoja mahali pa kusimama. Binti wa Newala alikuwa upande wa wanawake. Basi aandike kutoka upande wa wanawake: vigelegele vilianzia wapi, vilikatika saa ngapi, bibi yupi aligeuza uso. Hakuna mwanamume atakayeweza kuandika hilo hata akiwa amepitia likumbi mara mbili. Na yale ya ndani ya likumbi ambayo hakuyaona, hahitaji kuyajua ili uhakiki wake uwe kamili. Wapo watakaomwambia kwamba mhakiki halisi hufunua yote. Wasimtishe.

Hao wa kufunua yote walishapita. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha za kutembea, akazinasa ngoma zetu, akaenda nazo. Nasema kazi ile ina thamani yake. Leo tunazo sauti za mababu ambazo tusingekuwa nazo. Lakini maelezo yaliyoambatana nazo ni ya mtu aliyesimama nyuma ya mashine. Na karibu zaidi na sisi: mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ikaja kuonekana Geneva, katika makumbusho ya Barbier-Mueller, na ilirudishwa mwaka 2010 baada ya majadiliano ya miaka. Miaka yote hiyo ilikuwa inatazamwa ikiwa imetulia. Waulize watano wako swali hilo Jumamosi moja: barakoa iliyotulia kwenye kioo na mdimu anayekanyaga vumbi, ni kazi moja ya sanaa au mbili? Wape saa nzima wagombane. Myao na Mmwera usiwaache nje kwa sababu eti si jambo lao. Wao ndio watakaouliza maswali ambayo Mmakonde haoni haja ya kuyauliza.

Na hilo ndilo linanirudisha kwa wafadhili wako na "jamii tofauti". Ulichofanya hadi sasa ni kumpa kila mmoja kabila lake alihakiki. Wabadilishe. Myao aende kwenye midimu, Mmakonde wa mjini aende Nachingwea, halafu mwenyeji asome rasimu na kusema palipokosewa. Watani hao hawatahurumiana.

*

Mmakua wako. Hapa nitakuwa mkali kidogo, na si kwake. Kijana anatoka Nanyumbu hadi Mtwara, nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na wewe unashangaa kwamba anayemlipia ndiye anayemsifu? Nimeona miradi ya namna hii mingi: fulana zenye nembo zipo, bango la ukumbini lipo, cheti kipo, nauli haipo. Waandikie wafadhili kabla ya ripoti, uwaambie fedha za fulana ziende kwenye nauli. Mhakiki akilipiwa na anayehakikiwa, hakuna mafunzo yatakayomponya.

Mama yake mdogo si tatizo. Katika mkoa huu kila mwimbaji ni mama mdogo wa mtu, ulivyosema mwenyewe. Mstari wa kwanza wa makala useme, "Mwimbaji mkuu ni mama yangu mdogo," halafu aendelee. Wasomaji wa Nanyumbu wanajua tayari. Wanachongoja ni kuona kama naye anajua kwamba wanajua. Na mwambie aandike makala moja kuhusu jambo ambalo mama mdogo hulifanya mazoezini na hulifanya vibaya siku ya watu. Yuko nyumbani humo, analiona. Kama hawezi kuliandika, basi akiandike kikundi kingine, na si aibu.

Wa Nachingwea anayeponda kila kitu mwache kwanza. Ana miaka 20. Mwombe tu kila akiponda wimbo ataje dakika na sekunde.

*

Uondoke? Hapana. Hukuvamia, ulihamia, na watoto wako wanaongea Kiswahili cha huku kuliko wewe. Lakini usiwe peke yako pale barazani. Tafuta mama mtu mzima aliyewahi kuongoza ngoma, nyakanga (kiongozi wa unyago) aliyestaafu kama utampata, au yule mchongaji. Kusoma na kuandika si sharti. Mlipe kama unavyolipwa wewe, kwa kiasi kilekile na kwa bahasha ileile, usimpe "asante". Vijana wamsomee rasimu kwa sauti. Yeye arekebishe majina, vyombo, nani huingia kabla ya nani, lipi lisitajwe. Hukumu asiiguse, na wewe usiiguse. Kama kijana amesema ngoma ilipoa na vyombo vyote amevitaja sawasawa, basi ilipoa.

Na wewe kazi yako ibaki kuuliza. Ukiona neno ambalo kamusi haina, usilikate, andika pembeni, "Nionyeshe." Wakati mwingine atasimama akukanyagie pale barazani, na utajua kama neno linafaa au la.

Ripoti: peleka makala 11 na useme ni 11. Mfadhili atakayekasirika kwa hilo atakasirika kwa mengine pia.

Panda Newala Jumapili, alasiri, kabla minada ya korosho haijaanza, maana ikishaanza hutampata mjomba wala aliyekutanguliza. Na ukirudi nitumie ile karatasi ya daftari ya binti, picha tu ya simu inatosha. Yote, kuanzia juu, kabla hujaigusa. Sentensi nne hazijanitosha.

Shangazi